Mteja wa Mama

Kila asubuhi Chiriku alikuwa wa kwanza kufika kwenye mabomba ya Makaoni. Alinawa uso haraka haraka, akavaa sare ambayo mama yake alikuwa ameipiga pasi, kisha akatokea mlango wa nyuma, ule wa kutolea taka. Mlango wa mbele ulikuwa mpana na mzuri, lakini juu yake palikuwa na kibao chenye maandishi makubwa meupe: MAKAO YA WASIO NA NYUMBA. Chiriku hakutaka mtu yeyote amwone akipita chini ya maneno hayo.

Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba alipougua, kazi yake ikaisha. Alipofariki, kodi ya nyumba iliwashinda. Mwenye nyumba alivumilia, akachoka, akawatolea vyombo nje. Chiriku na mama yake wakawa wanalala kwenye viti vya kituo cha mabasi, mpaka mfagiaji mmoja alipowaonea huruma na kuwaelekeza Makaoni.

Zamani jengo lile lilikuwa bohari. Sasa ndani yake palikuwa na vyumba vidogo vilivyotengwa kwa mbao, jiko kubwa, na msimamizi mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimwita Shangazi.

"Hapa si mahali pa kuzeekea," Shangazi alipenda kuwaambia wageni. "Mnapumua, mnapata nguvu, halafu mnaendelea na safari yenu."

Naye hakuishia kwenye maneno. Aliyejua kuendesha gari alimtafutia gari la kuendesha. Aliyezidiwa na pombe alimpeleka kliniki mwenyewe, akamkalia mlangoni mpaka atoke, asije akachepukia baa. Alipojua kwamba mama yake Chiriku ni msusi, alimpa chumba kinachotazama barabara, pamoja na viti viwili na kioo kilichomeguka pembeni.

"Suka," akamwambia. "Mji huu una vichwa vingi."

Wateja wakaanza kuja, kwanza wakazi wenzao, kisha majirani. Mama akaanza tena kuimba akiwa kazini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Chiriku alifurahi, lakini shuleni hakuthubutu kumwambia mtu. Rafiki yake mkubwa, msichana mrefu aliyeitwa Twiga na darasa zima, alipomwuliza anaishi wapi, Chiriku alimwonyesha nyumba moja ya kifahari yenye geti la kijani. Tangu hapo, kila walipotoka shule alisimama mbele ya geti lile, akampungia Twiga mkono, akangoja mpaka apotelee kwenye kona, ndipo akakimbilia Makaoni.

Jumamosi moja Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja akimtenganishia mama nywele za bandia. Mlango ukafunguliwa. Akaingia bibi mmoja mwenye miwani, na nyuma yake, akiinama kidogo asigonge kichwa, akaingia Twiga.

"Chiriku? Unafanya nini huku?"

Chiriku alihisi masikio yakimwaka moto. "Nimekuja kusukwa," akasema. "Huyu ndiye msusi wetu."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, kitana mkononi. Chiriku alimwona kwenye kioo. Mdomo wa mama ulifunguka kidogo, kisha ukafungika.

"Basi keti vizuri, mteja," mama akasema taratibu. "Nikusuke mtindo gani, binti?"

"Wowote," Chiriku akajibu.

Mama akamsuka. Siku nyingine zote angemwambia, inamisha kichwa, mama yangu, vumilia kidogo, mama yangu. Siku hiyo alimwita binti. Vidole vilikuwa vilevile, vyepesi kama kawaida, lakini hakuimba hata kidogo. Alipommaliza alimweka Twiga kitini. Twiga alipiga soga, na bibi yake akasifu jinsi mistari ilivyonyooka.

"Mkono wako una baraka," bibi akasema. "Una watoto?"

Mama akafunga msuko wa mwisho. "Ninaye mmoja," akasema. "Kwa sasa hayupo."

Chiriku aliinamia magoti yake. Kama sakafu ingepasuka na kummeza, angeshukuru.

Twiga aliposimama kitini, bibi akamgeukia Chiriku. "Mjukuu wangu amenionyesha kwenu. Njia yetu ni moja. Twende, tutakufikisha."

"Nitaenda mwenyewe, bibi."

"Na magari yote haya? Hapana. Twende."

Chiriku akamtazama mama. Mama alikuwa akikunja taulo, amewapa mgongo.

Njia nzima Chiriku hakusema neno, na Twiga akamtania kwamba labda amesukwa mpaka ulimi. Walipofika kwenye geti la kijani, Chiriku akashukuru na kuaga haraka. Lakini bibi hakuwa mtu wa kumwacha mtoto getini kama kifurushi. Alitaka kumsalimia mama mwenye nyumba. Akabisha hodi.

Mlinzi akatoa kichwa nje.

"Tumewaletea mtoto wenu," bibi akamwambia.

Mlinzi akamtazama Chiriku. "Huyu si wa hapa, mama. Namwona kila siku akitoka shule. Anasimama, anapunga mkono, anakwenda zake. Nilidhani ni mchezo wao."

Twiga alicheka, kisha akaacha kucheka. "Chiriku, kwenu ni wapi?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni: kwamba wamehama, kwamba mlinzi ni mgeni. Lakini Chiriku aliukumbuka ule mdomo wa mama kwenye kioo, ulivyofunguka na kufungika.

"Makaoni," akasema. "Kulekule tulikotoka. Na yule msusi ni mama yangu."

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta. "Na wewe umekaa pale ukamwacha akusuke kama mgeni?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtiririka. Kwa miezi alikuwa amekionea aibu kibao cha maandishi. Aibu hii ilikuwa nyingine kabisa. Ile ya kibao aliikimbia kwa kupitia mlango wa nyuma. Hii alitembea nayo kifuani, kila hatua, mpaka bibi alipomrudisha Makaoni.

Mama alikuwa akifagia nywele sakafuni. Chiriku akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimekukana mbele za watu."

Ufagio haukusimama mara moja. "Umeniumiza," mama akasema. "Siwezi kukwambia hukuniumiza." Ndipo akaketi kwenye kiti cha wateja na kumvuta karibu. "Siku tuliyokuja hapa, mimi pia niliona haya. Hukuniona nilivyosita pale nje? Haya yako naijua. Lakini mimi sikumwambia mtu kwamba wewe si wangu."

Walilia wote wawili. Kisha mama akasema, "Inamisha kichwa, mama yangu. Huku nyuma nilikusuka ovyo, moyo wangu haukuwa kazini."

Jumatatu Twiga hakumsalimia. Baada ya vipindi kadhaa akaja mwenyewe, amekunja uso. "Sijali unalala wapi," akasema. "Ila kila siku nilikuwa nalipungia mkono geti la watu kama mjinga." Chiriku akamwomba radhi. Twiga alinuna siku chache, kisha akashindwa kuendelea kununa.

Bibi yake Twiga alirudi kusukwa, akaja na marafiki zake, na marafiki wakaleta binti zao. Shangazi naye alizungumza na mwenye saluni moja karibu na soko, ambaye alikuwa akitafuta msusi wa kudumu. Alimtazama mama akisuka kichwa kimoja tu, akamwajiri. Kabla ya mwaka kwisha, mama alikuwa amepanga chumba chenye dirisha kubwa na jiko la nje.

Siku ya kuhama Shangazi alibeba godoro lao mwenyewe, akihema na kulalamika kwamba limeshiba kuliko yeye. Alipolitua kwenye mkokoteni, Chiriku akamwuliza, "Shangazi, huko tuendako wakituuliza tulikuwa wapi, tuseme nini?"

"Semeni Makaoni," Shangazi akajibu. Akamshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Kukosa nyumba ni shida, kama vile kuugua ni shida. Shida iliyokukuta hukuitenda wewe, kwa hiyo usiionee aibu. Aibu uiweke kwa yale unayoyatenda kwa hiari yako, kama siku ile ulipomkana aliyekuzaa. Na hata hiyo ina dawa yake: useme kweli, uombe radhi, uanze upya. Ulifanya hivyo, na mimi nilikuona nikiwa mlangoni."

Chiriku akaitikia. Kisha akausukuma mkokoteni kwa nyuma, mama akauvuta kwa mbele, wakaingia barabarani.