Msasa Kwenye Kiwiko

Kila Jumamosi asubuhi, Fundi Mdogo alifagia vumbi la mbao katika karakana ya baba yake, kisha akakaa kwenye kigoda ili shangazi amsuke. Msichana huyo alipewa jina hilo na baba yake, seremala, kwa kuwa tangu utotoni hakubanduka karakana. Alimpenda shangazi kupindukia, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi na mdomo wake haukuishiwa utani.

Siku hizi, hata hivyo, msichana alikuwa akimkwepa. Shangazi alikuwa na mabaka mekundu yenye magamba meupe kwenye viwiko, na sasa baka kama hayo lilikuwa limejitokeza kwenye kiwiko cha msichana. Alikuwa na hakika kwamba shangazi amemwambukiza.

"Njoo nikusuke, mwanangu. Kichwa hicho ndege wakikiona watataga."

"Leo sitaki, shangazi."

Shangazi alikirudisha kitana mfukoni.

Fundi Mdogo aliamini anajua dawa. Baba alipokuta ubao unaparuza, aliusugua kwa msasa mpaka ukalainika. Basi akajificha nyuma ya rundo la mbao, akasugua kiwiko kwa msasa huku akiuma meno. Damu ikatoka. Baka nalo, badala ya kuisha, likazidi kuenea, mpaka baba akaona doa la damu kwenye mkono wa sweta ya binti yake, na damu kwenye msasa.

"Umejipiga msasa?" baba alimaka. "Kwani wewe ni ubao?"

Wakaenda zahanati wote watatu. Daktari alivikagua viwiko vya shangazi na vya msichana.

"Hii ni soriasisi, ugonjwa wa ngozi," alisema. "Haiambukizwi kwa kugusana wala kwa kusukana."

"Sasa nimeipata wapi?" aliuliza Fundi Mdogo.

"Mwili una askari wa kuulinda na maradhi. Askari wako wamechanganyikiwa, wanaishambulia ngozi yako wakidhani ni adui, nayo inaota haraka mno. Hali hiyo hutokana kwa sehemu na jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi. Huenda yako yamepitia kwa baba."

"Mimi? Mbona sina hata baka moja?"

"Unaweza kuzibeba jeni hizo na usiugue. Mwingine huanza kuugua baada ya kuumia au kuwa na wasiwasi. Ndiyo maana msasa umeizidisha. Haiponi kabisa, ila kwa dawa hutulia."

Machozi yalimlengalenga Fundi Mdogo. "Nisamehe, shangazi. Nilidhani umeniambukiza."

"Nami nilidhani umenichoka!" Shangazi alimkumbatia. "Kumbe tumerithi viwiko. Afadhali, ungeweza kurithi pua ya baba yako."

Baba alijishika pua, wakacheka mpaka daktari naye akacheka.

Jumamosi iliyofuata, walipakana marhamu waliyopewa zahanati, shangazi na msichana, kisha kitana kikatoka mfukoni.

"Ukiona jambo mwilini mwako, sema mapema," baba alisema akiupiga ubao randa. "Wala usimkimbie mtu kwa kudhani tu. Uliza wanaojua. Na msasa uniachie mimi."

"Sawa, baba," alijibu bila kugeuka, maana kichwa chake kilikuwa tayari mikononi mwa shangazi.