Rendang ya Safari

Kabla ya adhana ya alfajiri Yulfira alikuwa ameshamaliza kukuna nazi. Mama yake, Bi Rosmaniar, alipika rendang ya kuuza katika soko la mji wao, Payakumbuh, na rendang haina njia ya mkato. Nyama hupikwa kwa tui na viungo tangu asubuhi hadi alasiri, huku mtu amesimama juu ya sufuria akikoroga. Mtu huyo alikuwa Yulfira. Akitoka shule, anakoroga. Siku za mapumziko, anakoroga. Mwaka ule wa mwisho wa sekondari hata vitabu vyake vilinuka moshi.

Jumapili hiyo, hata hivyo, sufuria haikuwa ya soko. Yulfira alikuwa amekubaliwa katika vyuo viwili. Kimoja kilikuwa karibu, mwendo mfupi tu wa pikipiki, nacho kilifundisha ufugaji. Cha pili kilikuwa Bandung, ng'ambo ya bahari, nacho kilifundisha uhasibu. Alikuwa amesema Bandung, na jibu lilitakiwa kesho yake. Kwa hiyo Mama alikuwa akimpikia rendang ya msafiri, ile inayokaushwa mpaka iwe nyeusi ili isiharibike njiani.

"Msomi wa Bandung!" Rafiki yake Wirda alipiga kelele mlangoni. Alikuwa amekuja kuazima kinu. "Eti uhasibu! Wewe uliyelala zizini na ndama wa bibi yangu mpaka akapona, leo unataka kuhesabu hela za watu?"

"Niache bwana."

"Haya, nakuacha. Ila ndama hajakusahau. Akikuona tu, mbio!"

Yulfira hakucheka. Mikono ilimuuma na macho yalikuwa mazito. Wirda alipoondoka, aliketi kwenye kigoda, mwiko mkononi, akajiambia atafumba macho kidogo tu. Usingizi ukamchukua.

Alizinduliwa na harufu ya kuungua na sauti ya Mama. "Fira! Sufuria!"

Mama aliipua sufuria haraka. Nyuma yake alisimama Mjomba Jufri, kaka yake, aliyekuja kutoa kauli ya mwisho, kwa kuwa kwao mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake.

"Rendang ya safari yako mwenyewe unaiunguza!" Mama alifoka. "Huko Bandung nani atakuamsha?"

"Huko nitalala!"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Mjomba Jufri akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Hebu niambie, mpwa wangu. Unakwenda Bandung kusoma au kulala?"

Machozi yakamlengalenga. "Nimechoka, Mjomba. Nikibaki hapa nitasoma mchana na kukoroga jioni. Huko hakuna sufuria."

"Na huo uhasibu, unaupenda?"

"Hata sijui ukoje."

"Sasa mbona hukusema kama umechoka?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wewe huchoki, Mama. Ningeanzaje kusema?"

"Nani kakwambia sichoki?" Bi Rosmaniar akajitupa kwenye mkeka. "Nakaza uso kwa sababu naona na wewe umekaza. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, mwanangu."

Wakatazamana, wote wawili wamejaa masizi. Yulfira aliona haya, lakini pia alihisi kama ametuliwa mzigo.

"Kuanzia sasa mtapika kwa siku za soko tu," alisema Mjomba. "Na dada yake Wirda anatafuta kazi, aje kukoroga, alipwe. Jibu la chuo ni kesho. Wewe Fira, nenda kalale. Hiyo sufuria nitaimalizia mimi."

"Wewe?" Mama aliangua kicheko. "Hata kuchemsha maji hujui!"

"Nitafundishwa."

Yulfira alilala fofofo. Alipoamka jua lilikuwa linaelekea kutua na mwili ulikuwa mwepesi. Akajaribu kuifikiria Bandung, lakini haikumvuta tena. Aliyemjia akilini ni yule ndama, jinsi alivyosimama kwa miguu inayotetemeka asubuhi ile alipopona.

Akaenda jikoni kwa kasi. "Nataka chuo cha hapa. Nikasomee mifugo. Na si kwa kumwonea Mama huruma."

"Uko macho sasa?" Mjomba aliuliza, jasho likimtiririka, mwiko mkononi.

"Niko macho, Mjomba."

"Basi nimekubali. Kwenda mbali si kosa, na kubaki nyumbani si kosa. Kosa ni kuuficha uchovu mpaka ukuchagulie njia. Ukichoka sema, upumzike, ndipo uamue."

Mama alipakua wali, kisha akachota rendang ya juu, ile isiyoungua. Miaka yote nyama nzuri ilikwenda sokoni, wao wakala mabaki wamesimama. Jioni hiyo alitandika mkeka.

"Leteni sahani," alisema. "Msafiri amefika."