Fomu ya Seline wa Kianda

Salamu zilimkuta Nereah saa nne asubuhi, akipanga fomu kwenye faili katika ofisi ya utafiti pale Kawangware.

"Yule Seline wako wa Kianda anakusalimia," alisema Gichuru, msimamizi wake, akivua koti. "Jana nilienda kuhakikisha fomu yake. Ni mama mpoa, hata alinipea chai."

Nereah alicheka kwa meno tu, maana hakukuwa na Seline. Alimtunga mwenyewe wiki tatu nyuma, siku mvua ilipoigeuza Kianda matope na fomu moja ikabaki tupu. Wanasaikolojia waliowaajiri walitaka kujua jinsi hofu inavyomnyima mtu usingizi na kumletea maradhi. Walitaka watu arobaini, si thelathini na tisa. Basi akaketi kitandani kwake Silanga, akachagua chumba alichokikuta kimefungwa kwa kufuli, akakipa mwenyeji, na majibu akayachota katika maisha yake, kwa sababu uongo wa namna hiyo haukuchoshi. Nani hukutuliza ukiwa na hofu? Akaandika: binti yangu Mitchelle, miaka mitatu. Tusimseme sana. Wakusanyaji maoni wangapi hawajawahi kujaza fomu wakiwa kitandani?

Alimshuku Gichuru papo hapo. Huyu ameshajua, alijiambia, ananichezea ili nijikaange kwa mafuta yangu.

"Ulimwona na mtoto?" akauliza, macho kwenye faili.

"Hapana. Alisema mtoto ako kwa mwenye anamlea, lakini ataenda kumchukua. Kwani?"

"Nauliza tu."

Alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. Mchana akashuka Kianda.

Mlango wa bluu wa chumba kile, karibu na mfereji, ulikuwa vilevile, kufuli limeota kutu na buibui amelitandia utando. Nereah akapumua. Mwongo ni Gichuru, basi, hakufika hata mlangoni. Alikuwa amekwisha kugeuka aende zake, wanawake wakizozania foleni ya maji nyuma yake, jua kali likimchoma utosi, pale harufu ya marashi ya waridi iliyochanganyika na nywele zilizoungua ilipopenya chini ya mlango, na ndani ya chumba kile kilichofungwa kwa nje sauti ya mwanamke, iliyokuwa sauti yake mwenyewe, ikaanza kusoma maswali ya fomu moja baada ya jingine, polepole, na kuyajibu, mpaka ikafika pale: nani hukutuliza ukiwa na hofu? Binti yangu Mitchelle, ikajijibu, na ikacheka.

Hakujua alifikaje Silanga. Mitchelle alikuwa mlangoni kwa Mama Musimbi, jirani aliyemlea mchana. Nereah alimbeba, na shingo ya mtoto ilinukia waridi.

"Nani amekupaka mafuta?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama wa mchana. Alikuja wakati Mama Musimbi ameenda maji."

Mama Musimbi alikuwa mwombezi wa kanisa la Roho, mwanamke wa kanzu nyeupe na maneno machache. Alisikiliza habari yote, kisha akafunga mlango.

"Hiyo kitu ilikuwa inatangatanga," alinong'ona. "Wewe ndio uliipatia jina, nyumba na mtoto. Enda uambie mdosi wako ukweli, hiyo karatasi ifutwe. Lakini sikia, Mama Mitchelle: kwanza utoe jina la mtoto. Ukiifukuza kabla hujalitoa, itaondoka na kila kitu yake. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Kesho yake asubuhi Nereah alimwachia mtoto, akarudi Kawangware na kukiri. Gichuru alisikiliza akiwa mdomo wazi.

"Wacha jokes, Nereah. Si nilikunywa chai yake!"

"Hakuna mtu huko. Nilimtunga."

Gichuru alitoa fomu na kalamu nyekundu. Nereah akafungua kinywa aseme, ngoja, kuna jina moja likatwe kwanza, ni la mwanangu. Haya ikamshika. Ameshaonekana mwongo, sasa aonekane pia mwendawazimu, mwanamke aliyemwandikia pepo mtoto wake wa kumzaa? Tena labda Mama Musimbi alitia chumvi. Akafunga kinywa. Kalamu ikapita kutoka pembe hadi pembe, harufu ya waridi ikajaa ofisi ghafla na ghafla ikatoweka, na Nereah akalia kwa furaha kwa jinsi kifua kilivyokuwa chepesi.

Alirudi Silanga karibu akikimbia. Mama Musimbi alikuwa mlangoni anakatakata mboga za sukuma.

"Imeenda, mama! Imeenda kabisa. Mitchelle ako wapi?"

Kisu kikasimama. Mama Musimbi alimtazama kuanzia miguuni, iliyokuwa na vumbi la safari, hadi usoni, kwa jicho la mtu asiyejua anaongea na nani.

"Si umekuja hapa sasa hivi," alisema polepole, "ukaniambia jina umeshalitoa? Ndio nikakupatia mtoto."