Kioo Katika Ukuta wa Darasa la Pili

Kila asubuhi Incoronata aliwasha majiko manne ya kuni, moja kila darasa. Kisha alifagia na kufuta mbao za kuandikia. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza shule wa kijiji cha Pietrafosca. Aliishi na mumewe Canio katika vyumba viwili vya chini vya shule hiyo ya serikali. Nyumba ilikuja na kazi, na kazi ikiisha, nyumba nayo inaondoka.

Majira ya baridi ya mwaka 1979, mlango wa darasa la pili ulianza kukwama. Juu yake ukatokea ufa mwembamba kama uzi. Baada ya mwezi, ncha ya kidole iliingia.

Canio aliuziba kwa plasta, akapaka chokaa. Ufa ukarudi. Akaziba tena, ukarudi tena.

"Hii mara ya tatu, Canio," alisema Incoronata. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Tumwambie."

"Umwambie nini? Wataifunga shule, halafu watatutoa nje na magodoro yetu. Utalala wapi? Kwa mama yako?"

"Mama ana nafasi."

"Ana nafasi yako wewe. Mimi ataniweka na nguruwe."

Incoronata alicheka. Canio akauziba ufa kwa mara ya tatu.

Alhamisi mkaguzi wa Ofisi ya Majengo ya Serikali alifika kutoka mjini. Aliitwa Savino Pace, mzee mwembamba mwenye daftari nene kwapani. Alikagua paa, akakagua ngazi. Katika darasa la pili alisimama mbele ya ukuta mweupe pee.

"Ukuta umependeza," alisema.

"Tunajitahidi, Bwana Mkaguzi," alijibu Canio haraka.

Mzee alianza kufunga daftari. Watoto walikuwa wakicheza kwenye korido. Makoti yao ishirini na mawili yalitundikwa ukutani, chini kabisa ya chokaa ile mbichi. Incoronata aliyatazama, akashindwa kuvumilia.

"Bwana Mkaguzi, ngoja. Kuna ufa hapo. Tumeuficha."

Canio alifumba macho.

Mzee Savino hakugomba. Alitoa nyundo ndogo, akagonga taratibu. Plasta ikaanguka. Akaendelea kukwangua chokaa ya miaka mingi, tabaka baada ya tabaka. Ghafla kitu kikang'aa. Kilikuwa kipande cha kioo, chembamba kama kidole, kimebandikwa ukutani. Juu yake mtu alikuwa amekwaruza namba kwa msumari: 1911.

"Mama yangu!" alisema Incoronata.

Pembeni kilionekana kingine: 1934. Na juu ya mlango, cha tatu: 1958. Miaka tisa Incoronata amepaka ukuta huu chokaa, na hakujua kwamba ukuta una macho.

"Ufa ni wa aina mbili," alieleza mzee. "Kuna uliolala na kuna unaotembea. Kwa kutazama tu huwezi kujua. Kwa hiyo tunabandika kioo, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Kioo hakivutiki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinakatika. Tazama. Nyufa za 1911 na 1934 zilitengenezwa, na vioo vyake ni vizima mpaka leo. Cha 1958 kimekatika. Ufa huo umeamka."

"Na plasta yangu?" aliuliza Canio kwa sauti ndogo.

"Ukimpaka mgonjwa poda, amepona?"

Mzee alifungua daftari ukurasa wa kwanza. Wino ulikuwa umefifia. "Shule hii ilijengwa wakati wa mfalme. Vita vikaja, vikaisha, mfalme akaondoka. Ofisi yetu imebadilishwa jina mara tatu. Daftari ni hili hili. Soma hapa, mama."

Incoronata alisoma: *Taarifa imeletwa na Michele Sabia, mtunza shule.* Ukurasa mwingine: *Taarifa imeletwa na Teodora Sileo, mtunza shule.*

"Nina majengo mia na arobaini," alisema Savino. "Siwezi kulala katika yote. Mnaolala humo ni nyinyi. Tangu enzi za mfalme, kazi yetu huanza pale mtunza shule anapofungua mdomo."

"Huyo Teodora alifukuzwa?" aliuliza Canio.

"Nani amfukuze? Alikaa vyumba hivyo hivyo vyenu mpaka alipostaafu. Sisi ndio tuliomchosha kwa maswali, si yeye aliyetuchosha."

Walitoka nje. Gata, mfereji wa maji ya paa, lilikuwa limeziba kwa majani. Maji ya mvua yalimwagika kwenye kona na kuchimba udongo chini ya msingi. Mzee alimwelekeza Incoronata: asafishe gata kila majani yanapokwisha kuanguka, aweke alama ya penseli kwenye ncha za ufa na tarehe, kisha aandikie ofisi. Asiuzibe kamwe kabla haujakaguliwa.

Kwa miezi miwili watoto walisomea ukumbi wa kanisa. Mafundi waliimarisha msingi, wakapitisha vyuma virefu kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya ufa wakabandika kioo kipya: 1979. Incoronata na Canio hawakuhamishwa hata siku moja.

Jumapili moja jioni, Novemba 1980, walikuwa mezani wakila. Ardhi ikanguruma. Ilitikisika kwa zaidi ya dakika nzima. Sahani zilivunjika, taa ikazimika, Canio akamkumbatia mkewe. Ilipotulia walitoka nje. Nyumba nyingi za mtaa wa juu zilikuwa zimeanguka, na watu walikuwa wakilia gizani. Canio aligeuka nyuma. Shule ilikuwa imesimama.

"Tulikuwa mle ndani," alinong'ona. "Incoronata, tulikuwa mle ndani."

Wiki ya pili Mzee Savino alifika. Kioo cha 1979 kilikuwa kimekatika, lakini vyuma vilishika. Alibandika kioo kipya, akampa Incoronata msumari. Akakwaruza: 1980.

Kisha mzee akamfungulia daftari ukurasa wa mwaka uliopita. Incoronata alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole: *Taarifa imeletwa na Incoronata Lovallo, mtunza shule.*