Nyumba Namba Kumi na Saba

Lazarus alikimbia kama karani: vibaya.

Saa nne na nusu asubuhi, nyuma ya soko la Kakamega, alikanyaga mafungu ya sukuma wiki ya watu, akaruka mtaro, akaangukia goti. Alipoinua kichwa, Yamaha nyeusi ilikuwa imeziba kichochoro.

"Simama, Lazarus. Na hiyo kompyuta usiiangushe."

Nasambu. Jasusi wa Idara ya kulinda mashahidi, miaka kumi na miwili kazini, Glock kiunoni, redio ya Motorola sikioni. Waliowahi kumwona akitabasamu wanahesabika.

Alimsukumia ndani ya stoo ya viazi, akafunga mlango.

Ndani ya ThinkPad ile mlikuwa na roho ya mtu. Cherop, karani wa mizani ya miwa kule Matungu, aliona bunduki zikishushwa kutoka trela la Osiako, mlanguzi wa silaha. Kesho angesimama mahakamani. Leo alikuwa amefichwa.

Idara iliiweka siri yake katika majedwali mawili. La kwanza lilikuwa la mashahidi: jina, kesi, na namba ya nyumba. La pili lilikuwa la nyumba: namba, na mahali ilipo. Namba ndiyo ufunguo unaoyaunganisha. Ukiwa na jedwali moja, huna kitu. Ukiwa nayo yote mawili, una maiti.

La kwanza Lazarus, karani wa Idara, alikuwa amemuuzia Osiako jana. Lilisema: Cherop, nyumba 17. La pili lilitakiwa kufika kwenye simu ya wauaji wa Osiako kabla ya saa sita.

Wauaji hao hawakutaka majina. Mwaka jana Osiako aliwatuma wengine Malava wakamuue kijana aitwaye Shikanga. Huko mjukuu hupewa jina la babu yake. Walipobisha hodi wakauliza Shikanga, aliyeitika alikuwa mzee wa miaka sabini na minane. Wakammiminia risasi. Mjukuu akatokea dirishani, akapotea kwenye miwa.

Tangu siku hiyo Osiako alitoa amri moja: fuateni namba, msiulize jina, mlango ukifunguka pigeni. Akakodi vijana wa mbali wasiomjua sura, akawa anawatumia maagizo kwa ujumbe mfupi. Alijiona mjanja kweli.

Redio ikakoroma. Alikuwa Chebet, mkuu wa Nasambu.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Osiako yuko Lumakanda. Geti la bluu, karibu na posho mill, pale pa kusaga unga. Mahakama imemwachilia mara mbili, mashahidi wameisha."

"Naelewa."

"Mimi sijasema kitu."

"Na mimi sijasikia."

Nasambu alimwambia Lazarus aingie kwa nywila yake mwenyewe, afungue jedwali la nyumba, aongeze nyumba ya Lumakanda kama namba 17.

Mashine ilikataa. Kumi na saba ilikuwa na mwenyewe, na ufunguo haurudiwi.

Akamwambia aifute ile ya zamani. Ikakataa tena. Kulikuwa na shahidi anayeitegemea namba hiyo, na mashine haikubali shahidi aelekezwe kwenye nyumba isiyokuwepo.

Nasambu aliitoa Glock taratibu. Lazarus akasema haraka.

"Madam, namba hatuigusi. Tunabadilisha mahali tu. Kumi na saba inabaki kumi na saba."

"Kumbe kichwa kinafanya kazi."

Akaandika Lumakanda. Akaandika geti la bluu. Kidole kikasimama hewani.

"Huku ni kwa mzee mwenyewe."

"Bonyeza."

Alibonyeza. Kisha akatuma kwenye simu ya wauaji nakala yenye mstari huo mmoja tu.

Saa saba kasoro robo, Osiako alikuwa mezani akila obusuma na ingokho, ugali wake na kuku. Mlinzi alikuwa ametumwa sigara. Geti lilipogongwa alienda kufungua mwenyewe, mkono bado una mchuzi.

Aliziona bastola, akakasirika kabla ya kuogopa.

"Wajinga nyinyi. Mimi ndiye Osiako. Mimi ndiye niliyewatuma."

Vijana walikuwa wameonywa. Mtu akikaribia kufa hutaja jina lolote.

Risasi nne.

Polisi walikuwa wamelala kwenye mahindi ng'ambo ya barabara tangu saa sita. Hawakuinuka hadi walipoisikia ya nne. Wale vijana walikamatwa hatua tano kutoka kwenye gari, wakiwa bado wanafikiri wamefanya kazi nzuri.

Chebet alimpigia simu Nasambu, aliyekuwa bado stoo na Lazarus.

"Imekwisha."

"Cherop?"

"Anakunywa chai. Hajui lolote."

Lazarus alikuwa amesikia yote. Alijua kitu kingine pia: mashine huandika jina la kila anayebadilisha mstari. Osiako alikuwa na kaka wawili, na kaka hao walikuwa na mtu wao pale ofisini. Alishuka kutoka kwenye gunia la viazi alilokuwa amekalia, akapiga magoti sakafuni.

"Madam, niwekeni na mimi kwa nyumba. Mimi nilikuwanga natumwa tu. Wakiona jina langu hapo, wataniua."

Nasambu alimtazama. Alimwonea huruma, kidogo, na alichukia kuihisi.

"Kila nyumba ina mtu ndani, Lazarus. Nani kati yao nimwambie kwamba atalala na wewe?"

Aliichukua ile kompyuta.

Akafungua mlango wa stoo, akavaa helmeti, akawasha Yamaha na kushika barabara ya Mumias. Lazarus alibaki palepale sakafuni, mlango ukiwa wazi, na hakutoka.