Pleti ya Marehemu

Weka kwanza kikombe chini, uniapie. Sema: haya yakinitoka, ulimi wangu ukauke kama ngozi juani. Umesema? Haya. Mke wa fundi naye aliniapisha hivyohivyo, machozi yanamtiririka, nikamwambia, shoga yangu, ukiniambia mimi umeliambia kaburi. Lakini wewe si mtu wa nje. Sogea.

Ilianza na harufu.

Fundi Sikio alirudi nyumbani jioni, akaoga, akajisugua mpaka chini ya kucha, akakaa mezani. Mkewe alikuwa anamimina chai, mara akasimamisha birika hewani, akanusa.

"Baba watoto, umeunguza nini?"

"Mimi? Nimetoka kuoga sasa hivi."

"Basi kuna kitu kinaungua. Kama nywele. Kama kucha juu ya makaa."

Mwanamke akazunguka nyumba nzima. Akanusa jikoni, akanusa soketi za umeme, akanusa hata mito ya kitandani. Hakuna. Harufu ilikuwa pale pale mezani, imekaa kwenye kiti cha tatu, kiti ambacho hakikuwa na mtu. Fundi akainamia kikombe chake ili uso usionekane. Ile harufu aliijua. Ni klachi inayoungua, na alijua ni klachi ya gari gani.

Ngoja nikurudishe nyuma, usije ukapotea.

Aliitwa Sikio kwa sababu gari likiingia getini, kabla hata halijazimwa, ameshakutajia ugonjwa wake. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Hasemi, lakini ungemwona anavyoinamisha kichwa na kufumba macho, kama daktari anayesikiliza moyo wa mtoto wa waziri. Basi akaletewa gari na kijana mmoja dereva wa mashindano, wanamwita Upepo. Gari fupi, limelalia barabara kama mjusi, likipita kwako vyombo vinalia kabatini. Ugonjwa wake: ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele za kufa mtu, lakini mwendo hauongezeki.

Sikio akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akaondoa mguu kwenye klachi taratibu. Klachi nzima ingelizima gari pale pale. Gari halikuzimika. Likaendelea kunguruma limesimama, kama mlevi anayegombana na ukuta.

"Klachi imekwisha," akasema. "Kanywe chai, utanikuta."

Mimi darasani sikukaa sana, lakini hili nilielezwa nikaelewa, na wewe utaelewa. Kuna gurudumu zito la chuma linalozunguka na injini. Kuna pleti, duara kama sahani, inayobanwa juu yake, ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedali, pleti inaachiwa. Ukiondoa mguu, inabanwa. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Pleti mpya ikaagizwa mbali, ikangojwa mpaka Upepo akakonda. Ilipofika, Sikio aliifunga mbele za watu waliokuja kulishangaa gari, huku anawasimulia magari aliyoyafufua yakiwa yamekatiwa tamaa. Domo linakwenda, mikono inakwenda. Akaifunga kinyumenyume. Upande wa kutazama injini akautazamisha gia boksi, lile sanduku la gia! Ni kosa la mtu aliyeanza kazi juzi, kosa ambalo mafundi wanataniana nalo. Watu walipoondoka, akarudisha gia boksi, akapanda, akakanyaga pedali, akasikia chuma kinakwangua chuma. Sikio lake lenyewe ndilo lililomwambia. Akashusha kila kitu tena, akakuta springi za katikati ya pleti zimevunjika kama meno ya bibi.

Sasa mtu angesema tu, "Jamani, nimekosea." Wangemcheka, wakachoka, maisha yakaendelea. Lakini kinywa kilimjaa maji.

Nyuma ya gereji kulikuwa na gari jingine la aina ile ile, limejikunja mbele, limefunikwa turubai. Mwenyewe alifia ndani yake, kwenye kona ya kutokea mjini. Mama yake alilileta juu ya lori, akamshika Sikio mikono miwili. "Baba, nihifadhie. Usitoe hata skrubu. Nikipata nguvu za kuliachia, nitakuambia." Sikio akaapa. Yule mama akawa anakuja kila wiki, anafunua turubai, anakaa kiti cha abiria, amepakata viatu vya mwanawe. Maana kijana alikuwa anaendesha pekupeku. Alikuwa akisema klachi haisikilizwi kwa kiatu, inasikilizwa kwa unyayo.

Siku ya mapumziko, gereji imefungwa, jua la mchana limesimama juu, Sikio aliingia chini ya turubai lile akamtoa marehemu pleti yake. Alipomaliza alilirudisha turubai, akalinyoosha, kama anamfunika mgonjwa. Kisha akarudi akalinyoosha tena. Hakuweza kuondoka.

Upepo alilichukua gari lake, akamkumbatia. "Fundi, wewe ni baba yangu!" Sikio akatazama chini.

Halafu ikaja ile harufu ya mezani, na baada ya harufu akaja Upepo mwenyewe, hana rangi usoni.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "mle ndani kuna mtu ananikanyagia klachi."

"Mtu gani? Una usingizi wewe."

"Usinicheke. Nakaribia kona, mguu wangu uko pembeni kabisa, pedali inashuka yenyewe. Gari linaachia, linateleza bure. Kisha nasikia mtu anavuta pumzi. Hapa." Akagusa sikio lake.

Na unajua Sikio alijibu nini? Shetani akimpanda mtu hampandi kidogo. "Magari ya mbio haya," akasema, "majini wanayapenda sana. Labda umepita mahali pabaya." Akamsingizia jini, naye macho yake yako kwenye turubai kule nyuma.

"Basi panda tujaribu," Upepo akasema. "Jumapili nina mashindano. Siwezi kuingia barabarani na kitu hiki."

Wakatoka alasiri, mvua inanyesha, Sikio kwenye usukani. Mitaa miwili, mitatu, gari tamu kama asali, na moyo wake ukaanza kurudi mahali pake. Akatazama chini. Juu ya mpira wa pedali ya klachi kulikuwa na alama za maji, ndogondogo, duara duara, tano. Vidole vya mguu. Akanyoosha mguu wake wa kushoto kuzifuta, na kiatu chake kikagusa kitu ambacho hakikuwa mpira wala chuma, kitu laini na baridi kilichokuwepo kabla yake, kilichompisha kidogo kama mtu anayekupa nafasi kwenye benchi, kisha kikapanda juu ya kiatu chake na kutulia pale, kizito, na pedali ikaanza kushuka, taratibu, bila haraka, huku kona ya kutokea mjini inakuja na ile harufu ya kucha zinazoungua inajaa mpaka machozi yanamtoka, na injini inalia juu kabisa na gari haliitikii, linateleza tu kama sabuni kwenye sahani, na Upepo anapiga kelele, "Breki! Breki, mzee!", na Sikio, ambaye maisha yake yote alikuwa anasikiliza magari, akasikia shingoni kwake mtu anasikiliza gari pamoja naye.

Upepo ndiye aliyevuta breki ya mkono. Wakasimama wamegusa ukuta, taa moja imepasuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa.

Nyumbani siku hiyo mkewe hakuuliza. Alifunga mlango wa chumba, akakaa kitandani, akasema kwa kunong'ona, maana harufu ilikuwa imeshawatangulia humo, "Nieleze." Akamweleza yote. Mwanamke akajishika kichwa.

"Mwambie kijana wa watu. Jumapili atakufa."

"Nimwambie nini? Kwamba Sikio amefunga pleti kinyumenyume? Si nitahama mji?"

"Wewe unaona aibu ya pleti. Ile ya mama wa watu, anayekuja kukaa na viatu, huioni?"

Pazia la chumba likajaa upepo, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Basi Upepo akaenda kumleta mganga, mwanamke mnene wa makamo, hacheki, kwapani ana begi la ngozi. Alilizunguka gari mara moja, akagusa bodi, akauondoa mkono kama ameungua.

"Mlisema jini?"

"Fundi ndiye aliyesema," Upepo akajibu.

"Jini lingekwishamla mtu. Huyu ni mtu, na anatafuta chake. Hakuja na gari. Ameletwa na kitu kilichotiwa ndani ya gari." Akawatazama wote, akamaliza kwa Sikio. "Kesho saa nne asubuhi nitakuja. Mnifungulie injini yote nje, mbele za watu. Na majirani waje, penye watu wengi mzimu hauwi na kiburi."

"Sawa, mama," Sikio akasema upesi mno. "Kabisa. Hilo ni jambo jema."

Watu wengine bwana! Mwenzangu, mtu huyu alikuwa ameshapata nafasi tatu za kusema. Yeye akaona afadhali awahi.

Asubuhi ile, saa nne haijafika, aliwatuma wafanyakazi wake sokoni kutafuta taa ya kubadilisha. Akaenda nyuma kwanza, akalivua turubai, akalifungua gari la marehemu, akashusha gia boksi lake chini ili pawe tayari kupokea. Kisha akarudi mbele kwenye gari la Upepo, akalipandisha juu ya stendi, akalala chali chini yake, akafungua, akashusha gia boksi kwa jeki mpaka sakafuni. Sasa klachi iko mbele ya macho yake. Mpango wake: atoe pleti, aikimbize nyuma, akimaliza aseme hakukuta kitu.

Kabla hajalegeza boliti hata moja, akaona pleti inacheza. Imelegea, kama mtu amekanyaga pedali. Lakini pedali haikuwa imeunganishwa na chochote! Gia boksi lilikuwa ubavuni mwake, limelala kama ng'ombe aliyechinjwa. Akageuza shingo, akachungulia kupitia mlango uliokuwa wazi juu yake. Pedali ilikuwa imezama mpaka mwisho.

Mkono wa fundi una mazoea yake, hauulizi ruhusa. Vidole vyake vikaingia kwenye ule upenyo kuipima pleti, vyote vinne, na mara tu vilipofika ndani, kule juu, taratibu, kama mtu aliyechoka kungoja, mguu ukaondoka kwenye pedali.

Chuma kikafumba.

Kelele zake mimi nilizisikia nikiwa naanika nguo. Sikumaliza kuanika.

Tulipofika, mganga ameshaingia na Upepo, na miguu ya Sikio inapigapiga chini ya gari. Upepo akapiga magoti, akaona, akaelewa nusu. "Mkono umebanwa! Lazima klachi ikanyagwe ndipo atoke!" Akarukia kwenye usukani, akaikanyaga pedali kwa miguu yote miwili, akaning'inia juu yake. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Haikushuka hata upana wa unywele.

"Mnisamehe," Sikio analia chini huko. "Mnisamehe, jamani, ondokeni, msinitazame."

Nani aondoke? Watu ndio kwanza wanaingia. Gereji ilikuwa imejaa harufu ile mpaka tukaziba pua kwa kanga, na hakuna aliyerudi nyuma.

Ndipo ikasikika sauti kutoka kule nyuma ya gereji. Ilikuwa siku ya yule mama. Amepita mlango wake wa siku zote, amekuta turubai limetupwa pembeni na gari limepasuliwa tumbo. Hakupiga kelele. Alikuja polepole, viatu vya mwanawe kifuani, watu wakampisha.

"Nani amemfungua mwanangu?"

Upepo akamtazama mganga, mganga akatazama chini ya gari. Mke wa fundi, aliyekuja mbio nasi, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Mama akainama, akaona mkono mweusi kwa grisi, umeshikwa mpaka kwenye kiganja. Akaona na kitu kilichomshika.

"Hiyo ni ya nani, baba?" akauliza kwa upole. "Sema wasikie."

"Ya mwanao, mama," Sikio akasema. "Niliichukua mimi. Hakuna jini. Ya Upepo niliiharibu kwa ujinga, nikaona aibu, nikaiba ya marehemu. Mwambie aniachie. Mwambie akanyage, mama, nakuomba."

Mama akainuka. Akaenda mlangoni pa dereva, Upepo akashuka bila kuambiwa. Akaviweka vile viatu sakafuni, mbele ya pedali, visigino pamoja. Akageuka, akatutazama sote tuliojaa pale, akatazama na getini, ambako watu walikuwa bado wanakuja mbio.

"Usikanyage kwanza, mwanangu," akasema. "Hawajafika wote."