Hodi ya Dalali

Shoga yangu, fundi cherehani, alichoka kubanana na wanawe wanne chumba kimoja, akamtafuta dalali amsakie fleti ya kununua. Dalali huyo alikuwa na kituko: hata kwenye fleti tupu alipiga hodi, akangoja, ndipo akafungua.

Fleti ya mwisho waliyoitazama ilikuwa kwenye korido yenye giza. Dalali akainua mkono apige hodi.

"Fungua bwana, unamwomba nani ruhusa?" shoga akamcheka.

Dalali akasita, akafungua bila hodi. Ndani kulikuwa kimya mpaka masikio yanavuma. Shoga akaipenda.

"Watoto watalala humu," akasema kwa sauti, akatia saini mkataba palepale.

Wakatoka, dalali akafunga kwa ufunguo. Ndipo wote wawili wakasikia komeo la ndani likisukumwa taratibu, kama la mwenyeji aliyemaliza kusindikiza wageni.